Daftari la pishi: barua ya wazi kwa mnaosimamia elimu Unguja na Pemba

Waheshimiwa,

Assalaam alaykum. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mwaka wa 19 huu, katika skuli moja ya sekondari kaskazini mwa Pemba. Jina la skuli sitolitaja, kwa sababu ninalolileta haliko kwetu peke yetu, na pia kwa sababu mwalimu mkuu wangu hakunituma. Nakuandikieni juu ya watoto wasiotaka kuandika. Mwalimu yeyote atakayeisoma barua hii ana wake. Wapo wanaoliacha swali la insha jeupe kama kanzu ya Idi, na wapo wanaolinakili swali lenyewe mara tatu ili karatasi isirudi tupu. Tumezoea kuwaita wavivu. Mimi nimewaita hivyo miaka mingi, na sasa nataka kulirudisha neno lile nilikolitoa.

Nianze na mmoja. Alikuwa Kidato cha Pili, miaka 15, mkimya, magoti hayaingii chini ya dawati. Nikitoa insha, aliandika tarehe, akaandika kichwa cha habari, akakipigia mstari kwa rula, taratibu, kama seremala anayepima ubao. Hapo kalamu ililala. Dakika 40 zikapita, kengele ikalia, akafunga daftari akaondoka. Nilimkemea. Nikamhamishia mbele. Nikamwita mzee wake. Nikamnunulia kalamu mpya. Mwisho wa muhula nikaandika kwenye ripoti yake: "Mvivu wa kuandika, abadilike."

Mwaka ule mikarafuu ilizaa. Anayeijua Pemba anajua maana yake: barabara zimeanikwa majamvi, kila nyumba inanukia, wachumaji wanakuja hata kutoka Unguja, na madarasani nusu ya madawati hayana watu. Jioni moja, baada ya sala ya magharibi, nilikwenda kumjulia hali bibi mmoja aliyekuwa anaumwa miguu. Nikamkuta uani, amezungukwa na watu kama 12, wamekaa jamvini wanachambua, karafuu huku, makonyo (vile vikonyo vyake) kule, taa ya sola imetundikwa kwenye mti wa mpera. Pembeni, kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, amekaa yule kijana wangu, daftari juu ya goti.

Ndiye karani. Kila mchumaji akimaliza kuchambua, mzigo wake unapimwa kwa pishi, na yeye anaandika. Pishi ni vibaba vinne, hilo halina ubishi. Ubishi ni kama imepimwa ya tele (iliyofurika) au ya mfuto (iliyosawazishwa mdomoni), na ukizuka, shahidi ni daftari tu. Nilimwomba nilione. Alinipa mkono ukimtetemeka, nadhani alidhani nitalisahihisha. Nikafungua katikati, nikakuta hivi:

"Mjomba pishi 5 vibaba 2. Kavunja tawi la nkarafuu wa kisimani. Kasema upepo. Haukuvuma."

Nimesoma insha nyingi katika maisha yangu, na nyingine nimezipa alama 18 juu ya 20. Sikumbuki sentensi iliyonishika kama hiyo ya mwisho, ambayo ni neno moja. (Nilimwomba ruhusa ya kuitumia hapa. Akasema: "Andika, maalim, ila usiseme mjomba gani.")

Daftari lile lilikuwa na kurasa zaidi ya 30 zilizojaa. Nikamuuliza bibi analitumiaje, maana nilijua hasomi herufi hizi zetu. Akacheka. Yeye kasoma chuo cha Kurani, anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na barua alizokuwa akimwandikia marehemu mumewe alipokuwa Tanga anazo mpaka leo ndani ya kasha. Katika hesabu zetu huenda tukamwandika kuwa hajui kusoma. Basi kila usiku mjukuu humsomea daftari tangu mwanzo mpaka mwisho, na yeye husikiliza amefumba macho, akimkatiza: "Hapo rudia. Hapo umeficha kitu."

Kijana huyo, waheshimiwa, ndiye niliyemwandika mvivu.

Nilirudi nyumbani usiku ule nikawa najihesabia. Kwanza nikakumbuka adhabu. Mtoto akichelewa, tunamwambia aandike mara 100, "Sitochelewa tena skuli." Akipiga kelele, mara 200. Mimi nimefanya hivyo, walimu walionisomesha walinifanyia hivyo, na sijui mwenzangu ambaye hajafanya. Tangu darasa la tatu kalamu tumeitia katika fungu moja na fimbo na kufagia uwanja, kisha mtoto akifika sekondari tunamuuliza kwa nini haipendi.

Pili, mada. "Faida za utalii Zanzibar." "Umuhimu wa kutunza mazingira." "Siku nisiyoisahau." Mtoto wa Kojani hajawahi kuingia hoteli, hajui kinacholiwa mle wala nani anafua mashuka. Anachokijua kuhusu utalii ni ile boti inayopita mbali na wimbi lake linalogonga ngarawa ya baba yake. Hilo lingetosha kurasa mbili, lakini haliitwi "faida", kwa hiyo haliandiki. Anakaa anasubiri nimpe "pointi" ubaoni, nami nampa, na anazinakili. Nikisahihisha nakuta insha 68 zenye pointi zangu mwenyewe, nazisahihisha pointi zangu mwenyewe, na najipa alama mwenyewe.

Tatu, wino mwekundu, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu ndiko hasa ninakotaka kufika.

Ninasomesha mikondo minne, wanafunzi 272. Insha moja, ukiisoma kwa dhati, ni dakika tano. Hiyo ni dakika 1,360, saa 22 na ushei, kwa insha moja tu kwa kila mtoto. Mwalimu ana njia mbili: aandikishe insha mara moja kwa muhula, au apite juu juu akipiga mistari. Wengi tunafanya yote mawili. Na mstari mwekundu ni rahisi kuupiga kwenye "nkono" na "nti" na "hichi" kuliko kumwambia mtoto kwamba habari yake imeishia njiani. Kwa hiyo mtoto anarudishiwa karatasi iliyochinjwa, na ndani yake hakuna hata neno moja linaloonyesha kuwa mtu ameisoma. Ungekuwa wewe, ungemwandikia mtu huyo tena?

Baada ya msimu ule nikabadilisha kitu kimoja. Kila wiki nikatoa kipindi kimoja cha kuandika ambacho sisahihishi. Nasoma, naandika chini neno la msomaji: "Hapa nimecheka." "Sikuelewa nani alikuja kwanza." "Kisha ikawaje?" Kwa penseli. Na kabla ya kuandika tunazungumza, maana watoto wetu ni mafundi wa kuzungumza. Waache waeleze mchezo wa ng'ombe wa juzi uone kama kuna anayekosa maneno. Nami naandika pamoja nao, nimekaa kwenye dawati, nikikwama wananiona nimekwama.

Siku ya kwanza niliandika ubaoni: "Nani alivunja, na alisemaje?" Karani wangu aliandika ukurasa mzima na robo.

Msidhani ilikuwa miujiza. Darasa lile lilikuwa na watoto saba ambao hawakuandika kitu, na wawili kati yao hawaandiki mpaka leo. Mmoja nadhani haoni vizuri ubaoni, na hilo nililigundua nikiwa nimechelewa mwaka mzima. Wapo ambao hawaandiki kwa sababu herufi zenyewe hazijakaa, walivushwa darasa hadi darasa. Kwao penseli na upole havitoshi, wanahitaji mtu wa kukaa nao upya. Sisemi nina dawa ya kila maradhi.

Ila wacha nieleze kipindi kimoja cha kanga. Kulikuwa na msichana ambaye mstari mmoja kwake ulikuwa safari. Siku hiyo nilikuja na kanga ya mke wangu, nimelifunika jina kwa ukanda wa karatasi, nikaibandika ubaoni. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na sote tunajua kuwa jina ndilo linalouza. Nikawaambia: mwenye kanga hii kagombana na wifi yake, mpeni jina, maneno yasizidi saba. Darasa likachangamka kama soko la Konde siku ya gulio. Yule msichana akaandika, akafuta, akaandika, akanisogezea karatasi bila kuniangalia:

"Nilikupa kigoda umetaka kitanda."

Niliposoma kwa sauti, wenzake walipiga vigelegele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja mlangoni. Nikamuuliza: hicho kigoda kilikuwaje? Nani alikipokea? Akainama. Alipoinuka alikuwa amejaza ukurasa, na ndani yake kulikuwa na shangazi mmoja aliyehamia kwa siku tatu akakaa miaka miwili. Alianza na maneno manne. Angeanza na "insha isiyopungua maneno 250" asingeanza.

Na kuna kalvati. Mbele ya skuli yetu kuna kalvati lililobomoka, masika wadogo huvushwa mgongoni. Kidato cha Kwanza waliamua kumwandikia sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu. Barua 61, wakachagua moja, wakaiandika upya mara nne. Mara nne, waheshimiwa, bila ya mimi kuwaambia. Wakati wa rasimu ya tatu mmoja alinijia mbio: "Maalim, tusahihishie, sheha asije akatucheka." Katika miaka yangu yote ya kazi, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtoto kuniomba wino mwekundu. Nikautoa, na wakaufuata kila ulipopita, kwa sababu sasa walijua ni wa nini. Sheha akajibu: mistari mitatu, na muhuri. Karatasi ile iliwatoka mikononi imechakaa, kila mtu alitaka aguse muhuri. Kalvati lenyewe bado. Hilo ni la barua nyingine.

Sasa nifike kwenye lililonifanya niandike.

Mwaka juzi alikuja mkaguzi. Sitosema alitoka afisi gani, na alikuwa mtu mwenye adabu, alivua viatu hata kwenye afisi ya walimu ambako hatuvui. Akaomba madaftari. Nikampa ya insha na yale ya kipindi cha penseli. Akayafungua ya pili, akapekua, akatafuta nyekundu, hakuiona. "Maalim, mbona hukusahihisha?" Nikaeleza. Akasikiliza. Akasema anaelewa, ila fomu yake ina sehemu ya "kazi zilizosahihishwa", na haina sehemu ya nilichokuwa nafanya. Akaandika alichokuwa na nafasi ya kukiandika. Baada ya wiki mbili nikapata barua ya kutakiwa nijieleze kwa nini kazi za wanafunzi hazisahihishwi.

Nilijieleza. Kisha, na hili ndilo linaloniuma, niliogopa. Nilikuwa nasubiri kupandishwa daraja. Nikachukua kalamu nyekundu, nikarudi kwenye madaftari yale, nikapiga mistari juu ya maneno ya miezi mitano ili mtu mwingine akija aione kazi. Nilipiga mpaka juu ya kigoda na kitanda. Watoto walipoyafungua hawakusema kitu. Wiki iliyofuata nikatoa kipindi kama kawaida. Waliokuwa wakiandika nusu ukurasa waliandika mistari mitatu, safi, isiyo na kosa, isiyo na kitu. Karani wangu aliandika tarehe na kichwa cha habari, akachukua rula.

Ilinichukua karibu muhula mzima, na kuwaomba radhi mbele ya darasa, kuwarudisha. Baadhi hawakurudi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza, na kama mna nafasi ya kutenda moja tu basi tendeni hili, ni dogo na halina gharama. Itieni kwenye mwongozo na kwenye fomu ya ukaguzi: kipindi kimoja kwa wiki, mwanafunzi anaandika, mwalimu anasoma na hasahihishi. Isiwe hisani ya mwalimu mmoja anayejificha. Mkaguzi akija aulize "Wameandika kiasi gani?" na "Nani amesoma?" kabla ya kuuliza "Kosa liko wapi?" Mtaala unazungumza sana siku hizi juu ya umahiri. Sawa. Lakini fomu ndiyo inayomtisha mwalimu, mtaala haujawahi kumwandikia mtu barua ya kujieleza.

La lahaja nalitaja kwa ufupi, ingawa najua lina wenyewe. Mtoto wa Pemba anasema "nkono", wa Makunduchi na wa Tumbatu wana yao. Kiswahili sanifu, tangu ile kamati ya lugha ya 1930, kimejengwa juu ya Kiunguja cha mjini, na mtoto lazima akijue, mtihani hautomsamehe. Lakini rasimu ya kwanza ni yake. Washairi wa zamani Kamange na Sarahani walijibizana kwa mashairi hapa hapa Pemba, kwa Kiswahili cha kwao, kila mmoja akijua kuwa mwenzake anasubiri kumjibu. Hakuna aliyesimama katikati yao na kalamu ya kuwakata. Mwacheni mtoto amalize kusema, ndipo tumvalishe kanzu ya kutokea.

Na Kiingereza. Sera ya Elimu ya 2006 iliamua Hisabati na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia Darasa la Tano, na mtoto akifika sekondari lugha hiyo inamzunguka pande zote. Sitaki kufungua mjadala wa lugha, umekula wakubwa kuliko mimi. Naomba tu mwangalie mkono wa mtoto unafanya nini kutwa nzima. Unanakili. Nimewahi kufungua daftari la Baiolojia la mwanafunzi wangu, hati nzuri ajabu, notsi za usanisinuru zimeshuka kama mvua ya vuli, na katikati ya sentensi limeandikwa neno kubwa: USIFUTE. Mwalimu alikuwa amewaandikia wenzake wa mkondo wa mchana kwenye pembe ya ubao. Mtoto kaliandika kwa sababu lilikuwepo. Amefundishwa kwamba kuandika ni kuhamisha kitu kutoka ubaoni kwenda karatasini, na kazi hiyo anaifanya kwa uaminifu mkubwa. Ukimgeukia kipindi cha nne ukamwambia "sasa andika lako", atafute wapi? Walimu wa sayansi waruhusiwe dakika kumi za mwanzo: mwanafunzi aandike kwa Kiswahili jinsi mama yake anavyojua kuwa mwani umeiva au umeoza, kisha waende kwenye Kiingereza wakiwa na kitu mkononi.

Usiku, watoto hawa hawa wanaandika mpaka betri inakufa. Wanaandika "xaxa" badala ya sasa, nusu maandishi nusu voisi, lakini wanaandika, na mwenzao asipojibu ndani ya dakika mbili wananuna. Kwa hiyo mkono upo, na hamu ipo.

Kilichokosekana ni mahali pa kupeleka. Zamani palikuwepo. Mwaka 1927 Idara ya Elimu ya hapa ilianzisha jarida la Mazungumzo ya Walimu wa Unguja, na mwalimu wa kijijini akawa na sababu ya kukaa na taa yake usiku, kwa kuwa alijua kuna mwenzake Wete au Makunduchi atakayemsoma. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi wa 1918, aliyetuletea hadithi za mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, alikuwa mtumishi wa idara ya afya kabla ya kuingia magazetini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 palitangazwa mashindano ya hadithi za Kiswahili Afrika Mashariki, akapeleka yake, ikashinda. Kipaji alikuwa nacho, hilo halina shaka. Lakini palikuwa na anwani ya kuandika juu ya bahasha. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, alipopata tuzo ya Nobel mwaka 2021 tulifurahi sote, mimi nikiwemo, nilisimulia darasa zima habari zake. Kisha nikageuka nikawaandikia pointi ubaoni.

Vituo vya Walimu tunavyo, Unguja na Pemba. Kila kituo kitoe jarida la wanafunzi la skuli zake mara moja kwa muhula: karatasi nane, fotokopi, pini mbili katikati. Lisiwe la insha bora, nakuombeni sana, maana mkisema "bora" atatokea yule yule anayetokea kila mwaka. Liwe na majina ya kanga, na barua kwa masheha, na bei za samaki dikoni, wanakoshukia wavuvi, zilivyokuwa wiki ile na nani alilalamika, na maelezo ya namna ya kusuka dema la kuvulia samaki kutoka kwa mtoto anayesuka. Nakala zikae kwa sheha, dikoni, kwenye duka, kwenye kituo cha afya ambako watu wanasubiri hawana la kusoma. Na tarehe 23 Septemba, tunapoadhimisha tangazo la elimu bila malipo la 1964, pawe na meza moja katika lile tamasha ambapo majarida hayo yamewekwa, na mheshimiwa mmoja, mmoja tu, akae asome moja mpaka mwisho mbele ya aliyeliandika. Mtoto akimwona mtu mzima anageuza ukurasa kutaka kujua kilichofuata, kazi yangu ya mwezi imefanyika.

Vituo hivyo hivyo vituite sisi walimu tuandike. Si semina ya mbinu yenye chai na posho. Nimehudhuria, chai ilikuwa nzuri. Tukae, tupewe mada, tuandike saa moja, tusomeane. Wengi wetu hatujaandika kitu chetu wenyewe tangu chuo cha ualimu, zaidi ya maandalio ya somo na barua za kuomba uhamisho. Ukimwambia mwalimu wa namna hii amfanye mtoto apende kuandika, ni kama kumtuma asiyejua kuogelea akafundishe watoto bandarini Wete.

Watunga mitihani nao wana lao. Kwenye swali la insha wekeni angalau mada moja ambayo mtoto wa Micheweni na wa Mkoani na wa Nungwi anaijua kwa macho yake. Na katika alama tengeni fungu la aliyesema kitu, hata kama alikisema na "nkono" wake.

Karani wangu sasa yuko Kidato cha Nne. Insha za "faida" bado hazipendi, na simlaumu. Daftari la pishi analo jengine jipya, maana bibi yake alisema la zamani liwekwe kashani pamoja na zile barua za Tanga.

Nakukaribisheni. Kipindi chetu ni Jumatano, cha tatu. Msije na msafara, chumba ni kidogo na watoto wataogopa; mje wawili au watatu. Mtakaa kwenye madawati ya nyuma, ambayo yana mguu mmoja mfupi, na mtaandika kama sisi sote tunavyoandika. Mada huchaguliwa na watoto. Wiki iliyopita ilikuwa "Uongo niliowahi kuambiwa na mtu mzima". Mkimaliza mtasomewa, na nyinyi mtasoma vyenu. Karatasi tunazo. Kalamu njooni nazo, rangi yoyote isipokuwa moja.

Wassalaam,

Mwalimu wa Kiswahili,
Kaskazini Pemba